Begi la kilo 23 dukani, kilo 25.4 uwanja wa ndege: ninunue mizani gani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Uyole, Mbeya. Mwezi ujao binti yangu anarudi chuoni India. Atapanda ndege Songwe hadi Dar es Salaam, kisha ataunganisha. Safari iliyopita tulipeleka begi lake kwenye duka la mazao lenye mizani ya kuning'inia. Kijana wa dukani alilishika begi lisizunguke, mshale ukasimama kwenye kilo 23 kamili, tukaridhika. Kufika uwanja wa Songwe, likasoma 25.4. Tulilifungua mbele ya watu, tukatoa mchele na unga wa ulezi, binti akaondoka analia. Safari hii nataka mizani yangu mwenyewe. Mwanjelwa nimeoneshwa ya dijitali yenye mkanda kwa shilingi 15,000, ambayo muuzaji anasema haikosei hata gramu 10. Nyingine ya dijitali kwa shilingi 35,000. Na ya springi yenye ndoano, isiyotumia betri. Jirani ana mizani ya bafuni ya kupimia watu, anasema hiyo inatosha. Shemeji yangu naye anasema nisijisumbue, maana huku milimani vitu hupungua uzito, kwa hiyo begi la Mbeya lazima lizidi likifika uwanja wa ndege. Nichague ipi, na nitajuaje kwamba inasema kweli?"

Mama, pole kwa yaliyowapata Songwe. Kufungua begi sakafuni mbele ya foleni, huku mtoto akitazama vyakula vya nyumbani vikitolewa kimoja kimoja, kunauma kuliko hela ambayo mngelipia uzito uliozidi, na naelewa kwa nini safari hii unataka uhakika kabla hujatoka Uyole. Umeuliza mambo mawili: uchague mizani ipi, na utajuaje kwamba inasema kweli. La pili ndilo kubwa. Katika miaka yangu ya kutengeneza mizani hapa Mbeya nimeona mizani nyingi nzuri zikitoa majibu mabaya mikononi mwa watu walionunua kwa bei kubwa, na nimeona za bei nafuu zikitumika miaka kadhaa bila kumwaibisha mwenyewe, kwa sababu alikwisha kuzipima na kujua kasoro yake ni gramu ngapi.

Nianze na siku ile ya dukani, kwa sababu jibu la msiba wenu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe: kijana alilishika begi lisizunguke. Mizani ya kuning'inia hupima mzigo unaoning'inia peke yake, usioguswa na kitu chochote isipokuwa ndoano. Mtu anapotuliza begi, viganja vyake hukaa ubavuni, mara nyingi chini kidogo ya katikati, na bila kukusudia hulibeba kidogo. Jaribu nyumbani: ning'iniza ndoo yenye maji kwenye mizani yoyote, isome, kisha weka viganja viwili ubavuni mwake kana kwamba unaituliza. Utaona usomaji unashuka kwa nusu kilo, kwa kilo nzima, hata kwa mbili, ilhali mikono haihisi kwamba imebeba kitu. Begi likigusa goti la mtu, mguu wa meza au sakafu kwa kona moja tu, matokeo ni yale yale. Simlaumu kijana yule; alitaka kuwasaidia muuone mshale ukiwa umetulia. Lakini kilo 2.4 zilizokosekana zinaweza kuwa zilikuwa mikononi mwake.

Kuna na jambo la mizani yenyewe. Mizani za kuning'inia za maduka ya mazao kwa kawaida hupima hadi kilo 100, na mistari yake imeachana kwa nusu kilo. Imetengenezwa kwa ajili ya gunia la viazi, na ukiipa begi la kilo 23 unatumia robo ya mwanzo tu ya uwezo wake, mahali ambapo mshale usioanzia kwenye sifuri kamili huharibu hesabu nzima. Ukiutazama mshale kwa ubavu badala ya kuukabili uso kwa uso, unaongeza kosa jingine. Kwa gunia, makosa hayo humezwa na ukubwa wa mzigo. Kwa tiketi ya ndege hayamezwi.

Sasa shemeji. Asemalo si uzushi mtupu, na ndiyo maana linaaminika. Tungamo la begi, yaani wingi wa vitu vilivyomo, halibadiliki popote uendapo. Kinachobadilika ni nguvu ambayo dunia inalivutia chini, na nguvu hiyo hupungua kidogo kadiri unavyopanda mlima. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwanza, ukilinganisha na Dar es Salaam, tofauti kwa begi la kilo 23 ni gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Pili, begi lenu lilipimwa Songwe, na Songwe ni huku huku juu. Halikuwa limeshuka pwani. Tatu, mizani ya kaunta husawazishwa hapo hapo ilipo kwa kutumia mawe ya mizani yenye tungamo linalojulikana, na mafundi wakifanya hivyo tofauti ya mvutano wa mahali hufutika. Pale ambapo shemeji angekuwa na hoja ni kwenye mizani ya mkononi iliyosawazishwa kiwandani mbali na ikweta, ambako mvutano wa dunia una nguvu zaidi kuliko kwetu. Mizani iliyosawazishwa kwenye latitudo ya Beijing, kwa mfano, ikiletwa Mbeya itasoma begi la kilo 23 pungufu kwa gramu 55 hivi. Ni kosa halisi, lakini ni dogo, na jaribio la maji nitakalokueleza hapa chini litalikamata pamoja na makosa mengine yote.

Nije kwa muuzaji aliyekuambia mizani yake haikosei hata gramu 10. Huenda anaamini anachosema, kwa sababu skrini inaonesha tarakimu mbili baada ya nukta. Lakini kuonesha gramu 10 na kuwa sahihi kwa gramu 10 ni mambo mawili tofauti. Saa inaweza kuonesha sekunde na bado ikawa imechelewa dakika tano.

Ndani ya mizani hizo za dijitali kuna kipande kidogo cha chuma au alumini ambacho mzigo unakipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Juu ya kipande hicho pamegandishwa utepe mwembamba wa waya uliokunjwakunjwa. Kipande kikipinda, utepe hurefuka kidogo, na waya ukirefuka ukinzani wake wa umeme, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, huongezeka. Upande wa pili utepe hubanwa na ukinzani hupungua. Tepe hizo huunganishwa kwenye sakiti ya pembe nne inayolinganisha pande mbili na kutoa tofauti yake tu. Mbinu hiyo ya utepe iligunduliwa Marekani mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Edward Simmons na Arthur Ruge, na hadi leo ndiyo iliyomo ndani ya mizani nyingi za dijitali, kuanzia hii ya mkononi hadi ile ya kupimia malori barabarani. Ugumu wake uko kwenye udogo wa ishara. Kihisi cha kawaida, yaani kipande hicho pamoja na tepe zake, kikipewa umeme wa volti 3 na kubebeshwa kilo 50 hutoa milivolti 6 tu, na gramu 10 katika hizo ni mikrovolti moja na kidogo. Ishara ndogo namna hiyo inasumbuliwa na kila kitu: betri iliyochoka, joto la mkono, baridi ya alfajiri ya Juni, mkono unaotetemeka. Kiwanda kinaweza kuweka tarakimu kadiri kinavyopenda kwenye skrini. Usahihi hutegemea ubora wa kihisi na uangalifu wa kukisawazisha.

Kwa hiyo bei ya 15,000 na ya 35,000 haikuambii mizani ipi ni bora. Mara nyingi tofauti iko kwenye ganda, taa ya skrini, au futi ya kupimia iliyofungwa ubavuni. Nikiwa dukani ningeangalia mambo mengine. La kwanza ni betri. Nyingi hutumia betri bapa ya duara kama ile ya rimoti ya gari, na hiyo kwa mafundi saa wa mjini inapatikana, lakini ukiwa Matamba au Isongole usiku wa kuamkia safari unaweza kuikosa. Zinazotumia betri ndogo mbili za rimoti ya televisheni ni rahisi kuzihudumia, na kwa mtu wa nyanda zetu hilo kwangu lina uzito kuliko taa ya skrini. Zipo pia za kuchaji kwa waya wa simu, ambazo ni nzuri ilimradi ukumbuke kuzichaji.

La pili ni mkanda au ndoano. Mkanda mpana wenye kifungo cha chuma huingia kwenye mpini wowote, hata ule mnene wa sanduku la magurudumu, na kwa begi la shangazi kaja unaupitisha kwenye mishikio yote miwili kwa pamoja ili begi lisining'inie upande. Ndoano ni ya haraka zaidi lakini mipini mingine ya plastiki haiingii, au inaingia nusu na kuteleza. Kagua ushonaji wa mkanda pale unapokutana na mizani, kwa kuwa hapo ndipo unapofumuka. La tatu ni mshikio: uwe mpana, wa kushikwa kwa mikono miwili. Kuinua kilo 23 kwa mkono mmoja hadi kimo cha macho si kazi rahisi hata kwa mtu aliyezoea gunia, na mkono ukitetemeka mizani haitulii.

La nne ni uwezo. Chagua inayopima hadi kilo 40 au 50. Mizani inayoishia kilo 25 itakuwa inafanya kazi ukingoni kila mara, na siku begi likizidi utakuwa umeiharibu.

Kabla hujalipa, muombe muuzaji akuruhusu kuijaribu pale pale. Chukua katoni ya maji au mfuko wowote uliofungwa, uning'inize mara tano, na kila mara uutoe kabisa kabla ya kurudia. Usijali kwanza kama usomaji ni sahihi. Angalia kama unajirudia. Ikisoma 12.34, 12.36, 12.33, 12.35, 12.35, hiyo ni mizani yenye msimamo, na hata ikiwa na kosa tutalijua na kulitoa. Ikisoma 12.3, kisha 12.7, kisha 12.1, irudishe mezani na usimsikilize mtu yeyote atakayekuambia itakaa sawa ikizoea. Mizani isiyo na msimamo hairekebishiki nyumbani.

Ya springi niizungumzie kwa heshima, kwa sababu imetutumikia sana. Akina mama wanaijua kutoka kliniki, ile ya kuning'inia ambayo mtoto anavalishwa kisuruali na kutundikwa. Springi nzuri hurefuka kwa uwiano sawa na mzigo, jambo ambalo Robert Hooke wa Uingereza alilichapisha mwaka 1678, na haihitaji betri wala haisumbuliwi na umeme. Udhaifu wake ni mawili. Ikipewa mzigo kupita uwezo wake hulegea na hairudi tena ilipokuwa, na hutajua kwa kuitazama. Tena zile ndogo za mizigo ya safari mara nyingi zina mistari ya nusu kilo, nawe unahitaji kujua kama begi ni 22.8 au 23.2. Kwa anayeishi mbali na maduka ya betri na anayeridhika kufunga begi la kilo 22, ni chaguo la haki kabisa. Kwako wewe unayetaka kubeba mchele wa Kyela hadi punje ya mwisho inayoruhusiwa, haitoshi.

Mizani ya bafuni ya jirani yako haistahili kudharauliwa, ila ijulikane inavyotumika. Ukiweka begi juu yake, litafunika skrini na pengine kugusa sakafu. Njia yake ni kujipima mwenyewe bila begi, kisha ukiwa umelibeba, na kutoa. Tatizo ni kwamba unatumia usomaji wa juu mara mbili, tuseme 72.4 na 95.6, na kila mmoja una kosa lake. Makosa hayo yanaweza kujumlishana ndani ya jibu la 23.2. Iwekwe kwenye saruji au vigae, kamwe si kwenye zulia. Itumie kama shahidi wa pili: ikikubaliana na mizani yako ndani ya nusu kilo, lala usingizi; ikitofautiana kwa kilo mbili, kuna mahali umekosea na utafute kabla ya kwenda Songwe.

Ushauri wangu, basi, ni ununue ya dijitali yenye mkanda, yenye uwezo wa kilo 50, inayotumia betri unayoipata kirahisi, ya bei yoyote kati ya hizo mbili itakayofaulu jaribio la mara tano. Zikifaulu zote, nunua ya 15,000, na hela iliyobaki mpe binti nauli.

Ukifika nyumbani nayo, ipime kabla haijapima begi. Chukua dumu la lita 20 lililokauka vizuri, lenye kifuniko. Liweke kwenye mkanda likiwa tupu na uandike usomaji. Litakuwa karibu na kilo moja. Kisha limimine maji ya chupa 12 zilizofungwa za lita moja na nusu, yaani lita 18. Usijaze dumu kwa bomba hadi mdomoni ukadhani ni lita 20, kwa sababu madumu mengi hupokea zaidi ya hapo. Lita moja ya maji ina kilo moja, ikipungua gramu mbili tu kwa joto la kawaida la chumbani, na kwa kazi yetu hizo hazina neno. Pima tena. Tofauti kati ya dumu lililojaa na lile tupu inapaswa kuwa 18.0. Chupa za kiwandani nazo zinaweza kupishana kwa mililita chache, kwa hiyo ukipata kati ya 17.9 na 18.1, mizani yako ni njema na usitafute zaidi.

Ikisoma nje ya hapo, usikimbilie kuitupa. Rudia kwa nusu, chupa sita tu, lita 9. Iwapo ilizidi gramu 400 kwa kilo 18, na sasa inazidi gramu 200 kwa kilo 9, kosa linakua pamoja na mzigo. Hiyo inaitwa kosa la uwiano, na ni rahisi kulihesabia: begi likisoma 23.5, uzito wake halisi ni kilo 23 hivi. Iwapo kosa ni lile lile kwa mzigo mdogo na mkubwa, shida iko kwenye sifuri, na karibu kila mara chanzo ni namna ulivyoiwasha. Mizani hizi hujipa sifuri zenyewe sekunde zile za kwanza baada ya kuwashwa, na kila kitu kilichopo wakati huo hukihesabu kuwa si kitu. Ukiiwasha mkanda ukiwa umelala mezani, uzito wa mkanda na kifungo utaongezwa kwenye begi. Ukiiwasha huku umekwisha kuanza kuvuta begi, utapunguziwa kiasi ulichokivuta, na hilo ndilo kosa linalopeleka watu uwanja wa ndege wakiwa na imani ya bure. Ishike hewani, mkanda ukining'inia wenyewe, washa, subiri sifuri isimame, ndipo ufunge begi.

Dumu hilo lifunge kifuniko barabara na usilimwage hadi siku ya safari. Hilo sasa ni jiwe lako la mizani. Ukitaka uhakika zaidi, lipeleke kwenye duka lenye mizani ya mezani au ya chini iliyohakikiwa mwaka huu na Wakala wa Vipimo, yenye stika inayoonekana, na uandike uzito wake kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa dumu.

Kabla ya kupima begi, angalia herufi ndogo pembeni mwa tarakimu. Mizani nyingi zina kitufe cha kubadili kipimo, na kinabonyezeka kirahisi ndani ya pochi. Ikiwa kwenye ratili, ambazo huandikwa "lb", begi la kilo 23 litasoma 50.7, na hapo angalau utashtuka. Hatari zaidi ni kwa mizani zilizotengenezwa kwa soko la China, ambazo huwa pia na kipimo chao cha jadi kiitwacho jin, sawa na nusu kilo. Nililetewa mizani ya namna hiyo na bwana mmoja wa Tukuyu aliyeamini imeharibika kwa kuwa begi jepesi lilisoma 31. Kulikuwa na alama ndogo ya Kichina badala ya "kg". Nilibonyeza kitufe mara mbili, ikasoma 15.5, na ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Upimaji wenyewe ufanyeni watu wawili. Chukueni mpini wa jembe, ulazeni juu ya meza mbili imara zilizoachana, au mshike kila mmoja upande wake. Funga mshikio wa mizani katikati kwa kamba imara, washa, kisha ning'inizeni begi polepole likae huru bila kugusa meza wala miguu. Likizunguka liacheni lizunguke, litachoka. Mizani nyingi hulia na kuganda usomaji zinapotulia, lakini nyingine huganda mapema mno wakati begi bado linabembea, kwa hiyo pimeni mara tatu na mchukue usomaji unaojirudia. Wewe mwenyewe, mama, ikiwa una tatizo la mgongo, usiinue hata mara moja. Kilo 23 zilizoinuliwa kwa mikono iliyonyooshwa zinaweza kukulaza kitandani.

Fungeni begi kwenye kilo 22.5. Hiyo nusu kilo sikushauri kwa woga. Mizani ya kaunta nayo ina ruhusa yake ya kukosea: kwa viwango vya kimataifa vya mizani ya biashara yenye mgawanyo wa gramu 100, yaani inayosoma kwa hatua za gramu 100, mzigo wa kilo 23 unaruhusiwa kutofautiana kwa gramu 50 siku ya uhakiki, na kwa gramu 100 ikiwa kazini. Jumlisha hapo makumi ya gramu za mizani yako, kufuli, na kile kitenge ambacho shangazi ataleta asubuhi begi likiwa limekwisha kufungwa. Pima pia begi likiwa tupu, mapema kabisa. Masanduku makubwa ya plastiki ngumu huweza kuwa na kilo nne au tano yenyewe, na hapo ukibadilisha sanduku tu umempatia binti kilo mbili za mchele.

Namba 23 yenyewe ihakikishe kwenye tiketi. Kama safari ya Songwe hadi Dar es Salaam na ile ya kwenda India ziko kwenye tiketi mbili tofauti, kila moja ina masharti yake, na begi litafuata kikomo kilicho kidogo. Mashirika mengi pia hayapokei begi moja linalozidi kilo 32 hata ukiwa tayari kulipia, kwa ajili ya usalama wa migongo ya wapakiaji. Mzigo wa mkononi nao, ambao mara nyingi ni kilo 7, upimeni kwa mizani hiyo hiyo. Watu huhamishia vitu vizito huko wakisahau kwamba nao unaweza kuwekwa kwenye mizani.

Ikitokea kaunta inasoma mbali na mlivyopima, tuseme zaidi ya nusu kilo, kwanza tazama kama skrini ilikuwa sifuri kabla begi halijawekwa, na kama mguu wa mtu au mkoba haujaegemea. Kisha omba kwa upole begi lipimwe kwenye kaunta ya jirani. Hakuna ubaya wowote kuomba hivyo, na mizani inayotumika kumtoza mtu hela inapaswa kuwa imehakikiwa kisheria. Mizani mbili za kaunta zikikubaliana, kubali, na usipoteze muda wa safari kwa kubishana. Zikitofautiana sana, toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo; wana ofisi za mikoa, Mbeya ikiwemo.

Mizani hii ya mkononi isitumike dukani wala shambani kuuzia au kununulia parachichi na maharage, hata ikiwa imefaulu jaribio la maji kwa gramu. Haikutengenezwa wala kuhakikiwa kwa biashara, na sheria haiitambui. Ikianguka kwenye saruji, irudishe kwenye dumu kabla ya kuiamini tena, kwa sababu kile kipande cha ndani kikipinda kidogo tu hakirudi. Ikionesha "Lo" au tarakimu zikapauka, badilisha betri kwanza. Ikiendelea kuhangaika baada ya betri mpya, mletee fundi wa mizani aione kwa macho. Ushauri wa mbali hauwezi kukuambia kama waya umekatika au kihisi kimekufa.

Siku ya kuondoka, dumu na begi vikiwa vimepimwa kwa mara ya mwisho, mpe binti mizani aondoke nayo. Aiweke kwenye mzigo wa mkononi, hasa kama ni ya kuchaji au imeunganishwa na pawabenki, kwa sababu pawabenki hairuhusiwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Huko India atanunua chupa 12 za maji na ndoo, atarudia jaribio lile lile, na mwaka kesho atakapofunga begi la kurudi nyumbani hatahitaji kumuuliza mtu uzito wake.